Kuku Kumi na Mmoja Katika Banda la Wanane

Ukiwaambia watu kwamba unafuga kuku Kariakoo, wengi hucheka. Watakuuliza, ghorofa ya ngapi? Hawakosei sana. Zile nyumba za Kiswahili walizozizoea mama zetu, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, choo na kamba za nguo, zinavunjwa moja baada ya nyingine, na mahali pake hupandishwa majengo marefu ya maduka. Lakini bado zipo zilizobaki. Katika uani wa mojawapo ndimo sisi tunamofulia na kupikia pamoja na wapangaji wengine watatu, na ndimo tunamofugia kuku.

Mwezi huu tumeona tuwasimulie habari ya banda letu. Akina mama kadhaa wametuuliza, wakiona tumejenga jipya wakati la zamani bado zima, kulikoni? Jibu lake ni refu kidogo, na sehemu yake moja inatuonea haya.

Kuku wenyewe hatukuwatafuta. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Singida, akashuka kwenye basi na tenga, ndani mna mitetea mitano na jogoo mmoja. "Hawa si wa kuchinja," alisema kabla hata hajanywa maji. "Hawa ni wa mjukuu wangu, mayai yao yawe nauli yake ya shule." Binti yetu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaanza sekondari, na shule yake ni ya kupanda daladala mbili. Basi tangu siku ile mayai yakawa na mwenyewe. Tuliyauza kwa jirani na kwa mama lishe wa mtaa wa pili, fedha ikaingia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na asubuhi binti akachukua nauli yake humo.

Jambo hili si geni mjini hapa. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufikishi hata wiki mbili, wake wa wafanyakazi wa Dar es Salaam ndio walioziokoa nyumba nyingi kwa vile vilivyokuja kuitwa "miradi": maandazi, ubuyu, ushonaji, na kuku wa uani. Wapo watu wazima na vyeo vyao leo waliosomeshwa na kuku. Kwa hiyo mama mkwe alipoliweka tenga lile chini, hakuwa akituchekesha.

Wiki moja baadaye baba watoto alirudi jioni na boksi refu limepakiwa juu ya guta. Alikuwa amelipwa fedha za saa za ziada kazini, akapitia kwenye duka moja akanunua banda la kuku la kuunganisha, lililokuja vipande vipande, na skrubu zake ndani ya mfuko mdogo. Juu ya boksi palikuwa na picha nzuri: kibanda chekundu chenye paa jeupe, kuku wanene, na majani mabichi kama uwanja wa mpira. Pembeni pameandikwa kwamba ni la kuku 6 hadi 8. Aliliunganisha mwenyewe usiku ule kwa bisibisi, watoto wakimshikia tochi. Lilipendeza. Hata wapangaji wenzetu walitoka kulitazama, na sisi tulijisikia kama wake wa wakubwa.

Hatukupima kitu. Tuliona kuku sita, tukasoma wanane, tukajua nafasi ipo na nyingine itabaki.

Baada ya miezi michache mtetea mmoja aliatamia, akaangua vifaranga tisa. Kunguru walichukua wanne. Hapa tuseme neno kidogo juu ya ndege hawa, maana mgeni wa jiji hawezi kuamini. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale uchafu wa mji, nao wakavuka bahari wakaja bara wakaona hapa ndipo. Mchana kweupe atatua ukutani, atakutazama usoni, na ukigeuka kugeuza chapati amekwisha ondoka na kifaranga. Watano waliosalia tuliwafungia ndani ya banda pamoja na wakubwa. Walikua vizuri. Ilipofika Januari walikuwa wakubwa wote, na hesabu ikawa kumi na mmoja.

Ndipo shida zikaanza, tena hazikuja kwa hodi moja. Kwanza kuku walianza kudonoana. Mtetea mdogo wa kijivu alinyonyolewa manyoya ya mkia hadi damu ikatoka, na kuku wakishaona damu kwa mwenzao hawaachi. Kisha mayai yakawa yanakutwa yamepasuka, mengine yameliwa. Kopo la maziwa likawa jepesi, tukaanza kutoa nauli ya binti kwenye fedha ya mboga. Halafu harufu. Kila asubuhi tulifagia, lakini ikifika saa nane mchana uani hapakaliki. Jirani yetu wa chumba cha pili, ambaye mtoto wake ana pumu, alihamishia kamba yake ya nguo upande wa mbele wa nyumba. Hakusema neno. Alipoacha kusema hata "habari za asubuhi" ndipo tulipojua kwamba amesema.

Mwenye nyumba yeye alisema waziwazi. Alikuja kuchukua kodi, akasimama mlangoni mwa uani na leso puani, akatupa hadi mwisho wa Machi: ama kuku waondoke, ama yeye atafute mpangaji asiyefuga.

Usiku mmoja wa Februari, katika lile joto la kaskazi ambalo hata binadamu hulala sakafuni, alikufa mtetea mmoja wa mama mkwe. Tulimkuta asubuhi amebanwa kwenye kona, mdomo wazi, wenzake wamesimama juu yake. Hakuwa na ugonjwa. Kuku hana jasho. Njia yake ya kujipoza ni kuhema kwa mdomo na kukunjua mbawa, na mahali alipokuwa hapakuwa hata na nafasi ya kukunjua ubawa mmoja.

Sasa hii ndiyo sehemu tuliyosema inatuonea haya. Siku ile ile alikuja shemeji kula chakula cha mchana, na alipouliza habari za kuku tukamjibu mbele ya baba watoto: "Muulize kaka yako na boksi lake la picha." Tulidhani tunatania. Baba watoto alinawa mikono, akasema amekwisha shiba, akatoka. Siku tatu alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Akina mama wenzetu mtatuelewa. Mwanamume aliyepitia dukani na fedha ya jasho lake, akabeba kitu mpaka nyumbani akakiunganisha usiku kwa mikono yake, hukuambiwa umkosoe mbele ya mdogo wake na wali mdomoni. Wala kosa lenyewe halikuwa lake peke yake. Sote tuliisoma ile namba, na hakuna aliyechukua futi.

Siku ya nne tulichukua futi ya kushonea tukaenda kupima. Banda lilikuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 60. Zidisha mwenyewe: ni pungufu ya mita moja ya mraba. Wataalamu wa mifugo hushauri kwamba kuku wakubwa wanaoshinda ndani wasizidi wanne au watano katika mita moja ya mraba. Kumbe banda la wanane lilikuwa la wanne, na sisi tulikuwa tumejaza kumi na mmoja! Ubao wa kulalia ulikuwa mmoja tu, wa sentimita 60. Kuku mmoja huhitaji kama sentimita 20 za kukalia, kwa hiyo waliolala juu walikuwa watatu, na wanane waliobaki walilala chini juu ya kinyesi chao. Viota viwili vilitosha, tusionee. Kiota kimoja hutumiwa na mitetea minne au mitano bila ugomvi. Madirisha yalikuwa mawili, kila moja ukubwa wa daftari la shule.

Je, aliyeandika namba ile alidanganya? Tulimkasirikia kwanza, lakini baadaye tulifikiri hivi. Kijijini Singida kuku hulala jikoni au kwenye kibanda kidogo kuliko hicho chetu, tena wengi, na hawafi. Sababu ni kwamba alfajiri hufunguliwa, wakazurura hadi jua lizame. Kwao banda ni chumba cha kulala tu. Hata ile picha ya boksi ilikuwa na uwanja wa majani. Lakini kuku wa uani Kariakoo hatoki, maana akitoka mlango wa mbele ni bodaboda na mikokoteni. Kwake banda ni chumba cha kulala, sebule, jiko na choo, vyote pamoja. Sisi ambao tumewahi kulea watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, jiko la mafuta ya taa chini ya dirisha na kitanda kimezungushiwa pazia, tulipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Harufu nayo ina maelezo yake. Kinyesi cha kuku kikilowana katika mahali pasipopita hewa hutoa hewa ya amonia, ambayo huchoma macho na kifua. Kipimo chake ni rahisi: chuchumaa mpaka pua yako ifike kimo cha kuku, uvute pumzi. Kama macho yanakuwasha, kuku wako wamekwisha teseka siku nyingi, na mtoto wa jirani mwenye pumu pia. Tulichuchumaa. Hatukuweza kumaliza hata pumzi tatu.

Usiku ule tulimpelekea baba watoto chai nje kwenye kibaraza alikokaa peke yake, tukamwomba radhi kwa maneno ya mbele ya shemeji. Kisha tukampa kile kikaratasi cha vipimo. Alikisoma mara mbili. Akauliza, "Sasa hili tulitupe?" Tukamjibu kwamba hapana, hili lina kazi yake, tutajenga kubwa la wakubwa, na hili litakuwa wodi ya wazazi. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki ile. Basi tukakubaliana: zamu yetu ya upatu ilikuwa Machi, nayo ndiyo ingejenga, na majogoo wawili kati ya wale vijana watano wauzwe wachangie mbao zao wenyewe.

Kabla ya kununua hata msumari tulikwenda kwa jirani. Tulikwenda mikono mitupu, bila mayai, maana zawadi kabla ya kuomba msamaha huonekana kama rushwa. Tulimwambia tumechelewa kuona, na tukamwomba yeye mwenyewe aonyeshe mahali ambapo banda likikaa upepo hautapeleka harufu kwenye dirisha lake. Alinyamaza kidogo, kisha akatoka na khanga yake begani akaonyesha kona ya ukuta wa nyuma, palipokuwa na mapipa mabovu na kitanda kilichovunjika. "Mkisafisha pale, na kukifagiwa kila siku, mimi sina neno," alisema. "Lakini yule jogoo, jamani!"

Naam, jogoo. Saa kumi alfajiri alikuwa akiamsha nyumba nne. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba pasipo jogoo hakuna yai, lakini si kweli. Mtetea hutaga bila jogoo. Mayai hayo huliwa na kuuzwa kama mengine, ila hayataanguliwa. Jogoo tulimpeleka kwa dada yetu Chanika, kwenye nafasi, awike anavyotaka. Mama mkwe alipoambiwa kwa simu alinyamaza muda mrefu, tukadhani salio limekwisha.

Tulipita pia ofisi ya serikali ya mtaa, na tukamtafuta afisa mifugo wa kata aje aone uani. Tunawashauri mfanye hivyo kabla, si baada. Ni rahisi kumjibu mwenye nyumba ukiwa umekwisha zungumza na ofisi kuliko ukiwa umejificha.

Sasa banda lenyewe. Mtaa wa jirani walikuwa wakibomoa nyumba ya zamani, na mafundi wa kubomoa huuza mabati na mbao pale pale barabarani. Mbao za nyumba hizo ni ngumu, zimekaa miaka mingi juu ya dari bila kupinda. Tulichagua zisizo na mchwa, watoto wakang'oa misumari. Zilizopungua, mbili kwa mbili na mbili kwa tatu, tulinunua, na wavu tuliupata katika maduka ya vifaa. Bei hatuzitaji, maana kabla ukurasa huu haujakufikia zitakuwa zimebadilika.

Fundi tulimpa vipimo vilivyoandikwa, si vya kuonyesha kwa mikono. Urefu mita 2, upana mita moja na nusu, yaani mita 3 za mraba, kwa kuku kumi na wawili na si zaidi. Tuliandika "na si zaidi" mlangoni kwa rangi, kwa vile tunajijua. Miguu ya sentimita 45 iliinua sakafu kutoka ardhini, kwa sababu mbili. Panya wa soko hupenda kujificha chini ya kitu kilichokaa chini, na wakipata nafasi huiba mayai na vifaranga. Isitoshe, masika yakija uani hujaa maji. Aliyeona mafuriko ya Desemba 2011 na jinsi bonde la Msimbazi lilivyofurika pale Jangwani hatabisha kuhusu miguu ya banda. Kila mguu tuliusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu ili sisimizi wasipande.

Kuta ndizo tofauti kubwa. Lile la boksi lilikuwa na mbao pande zote nne, maana bila shaka lilibuniwa kwa nchi za baridi. Hapa kwetu baridi si adui wa kuku mkubwa. Adui ni joto na unyevu. Kwa hiyo chini tuliweka mabanzi kwa kimo cha nusu mita, kuwakinga na mvua ya kurusha, na kutoka hapo kwenda juu ni wavu mtupu pande tatu. Upande wa nne ni ukuta wa uani. Angalizo: ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii panya kuingia. Sehemu za chini na mlangoni wekeni wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, hata kama ni ghali. Paa la bati tulilipaka rangi nyeupe juu, na chini yake tukatandaza magunia, maana bati tupu la saa saba mchana ni kikaango. Tulilitokeza nusu mita mbele na nyuma ili mvua isiingie. Wengine hupenda makuti, nayo yanapoza kweli, lakini katika uani wenye majiko ya mkaa manne sisi hatukuthubutu.

Ndani tuliweka fito mbili za kulalia, za mviringo, nene kama mpini wa jembe, kila moja karibu mita moja na nusu. Chini ya fito ndipo tulipoweka kitu ambacho kwa maoni yetu kina thamani kuliko vyote: ubao mpana unaochomoka kama droo. Kinyesi kingi cha kuku hudondoka usiku akiwa amelala. Asubuhi unachomoa ubao, unakwangua kwenye kiroba, unanyunyiza majivu, unaurudisha. Ni kazi ya dakika tano kabla chai haijachemka. Sakafu iliyobaki tumetandaza maranda ya mbao tunayoyachukua kwa maseremala wa Keko, nayo hugeuzwa kila wiki na kubadilishwa yakilowana. Kiroba kikijaa anakuja kijana mmoja mkulima wa mchicha kukichukua kwa ajili ya matuta yake. Hatukutegemea kwamba ile harufu iliyotaka kututoa katika nyumba ingekuja kutuletea fedha ya sabuni.

Kabla ya kuwahamisha kuku, afisa mifugo alitufundisha kitu. Usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya ubao wa kulalia na kwenye maungio. Tulifanya hivyo katika banda la boksi na kitambaa kikatoka na madoa mekundu. Ni utitiri. Mchana hujificha katika nyufa, na usiku hutoka kumnyonya kuku damu. Ndiyo maana mchana huoni kitu na kuku anazidi kudhoofu. Maungio ya banda lile yalikuwa mengi, kila moja ni nyumba yao. Tulilifungua lote, tukalimwagia maji yanayochemka, tukalianika juani siku mbili, tukapaka nyufa dawa tuliyoinunua katika maduka ya dawa za mifugo yaliyo jirani na soko. Kuku nao walipuliziwa dawa ya unga chini ya mbawa. Tukawawekea beseni la mchanga uliochanganywa na majivu wajioge wenyewe. Utawacheka wakijigaragaza, lakini ndivyo wanavyojisafisha.

Na chanjo. Haifai kujenga nyumba nzuri kisha mdondo ukaikuta haina kinga. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle kule Uingereza, na tangu hapo umeshamaliza kuku wa vijiji vizima. Hauna dawa ukishaingia. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na inayostahimili joto kuliko zile za zamani, ni tone moja katika jicho moja la kila kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja ni matone mengi, kwa hiyo mwenye kuku kumi huona anapoteza. Sisi tulitafuta akina mama wengine wenye kuku mitaa ya karibu, wa kule Gerezani na Ilala, tukachanga tukachanja siku moja. Tulikuta wapo wengi kuliko tulivyodhani. Uani zao zilikuwa zimefichwa tu.

Kuku saba wa kwanza, wote mitetea, waliingia banda jipya wiki ya pili ya Machi. Usiku wa kwanza waligombania fito ya juu, kama watoto wanavyogombania kitanda cha juu, kisha wakalala. Yule wa kijivu aliota manyoya. Mwenye nyumba alipokuja mwisho wa mwezi, alisimama mlangoni na leso yake mkononi, akavuta pumzi, akairudisha mfukoni. Alichukua kodi akaenda zake. Hatukupata barua, wala pongezi.

Kuhusu mayai tuwe wa kweli. Kuku wa kienyeji akiachiwa atage, aatamie na alee mwenyewe, hutoa mayai kati ya 40 na 60 tu kwa mwaka. Banda kubwa halimgeuzi kuwa mashine. Ila mayai hayaliwi tena wala hayapasuki, na ukiyaokota kila siku mtetea huchelewa kuatamia, akaendelea kutaga. Baadaye tuliongeza matemba watano chotara aina ya Sasso, ambao pamoja na Kuroiler walianza kuenea nchini katika miaka ya 2010. Hawa hutaga zaidi, na hula zaidi vilevile, kama gramu 120 za chakula kwa siku. Hawakuchanganywa na wenzao siku ya kwanza. Walikaa wiki mbili peke yao katika banda la boksi, tuone kama wameleta ugonjwa, na hapo ndipo baba watoto alipokumbusha mara tatu kwamba banda lake bado lina kazi.

Hesabu ikawa kumi na wawili. Mama mkwe alipokuja tena mwezi wa nane, na tenga jingine mkononi, tulimwonyesha maandishi ya mlangoni kabla hajaliweka chini. Aliyasoma, akaguna. Akauliza na lile jekundu pale linakaa nani. Ndani yake alikuwamo yule mtetea wa kijivu, siku ya kumi na tano juu ya mayai kumi tuliyoletewa kutoka Chanika, ya jogoo wake mwenyewe wa Singida. Aliinama akachungulia kwa dirishani. Kisha akafungua tenga, akatoa kuku mmoja aliyefungwa miguu, akamkabidhi binti yetu akasema, "Huyu basi ni wa kuchinja."